Mkono wa Wifi

Siku ya kliniki Jemedari hakutoka nyumbani. Aliyetoka ni wifi yake, aliyekaa kwenye foleni ni wifi yake, na aliyefungwa kitambaa mkononi akapimwa presha ni huyo huyo wifi yake. Kadi tu ndiyo iliyokuwa ya Jemedari.

Walikuwa wazee wawili katika nyumba moja. Jemedari alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wa Shwari. Mume alipofariki, majirani walidhani mawifi hao watagawana masufuria na kila mmoja ashike njia yake, maana wifi na wifi ni paka na panya. Wakakosea. Wawili hao walibaki, kila mtu na chumba chake, jiko moja, chungu kimoja.

Majina hayo walipewa na watu wa mtaani. Jemedari alikuwa dobi. Tangu ujana wake alipiga pasi ya mkaa barazani, na waliomletea nguo aliwaamrisha kama kuruta. "Simama pale! Usiegemee meza yangu! Na shati hili limekosa vifungo, umeliokoa katika vita gani?" Watu walicheka, lakini walisimama pale pale walipoambiwa. Shwari yeye alifuma vitambaa vya makochi, ameketi kizingitini, uzi mapajani, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Mambo yalianza siku ile walipokwenda kliniki pamoja.

Nesi wa kliniki ya wazee alikuwa binti mchangamfu. Aliwapenda wazee wake, na wakati mwingine walimchosha. Ili kuwatia moyo, alianzisha mtindo wake: mzee ambaye presha yake imekaa vizuri alisimamishwa mlangoni, na benchi zima likampigia makofi. Ambaye presha yake ni mbaya hakupigiwa kitu. Huyo alipewa ushauri, kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia.

Siku hiyo Jemedari alikaa kitini, mgongo umenyooka. Mashine ikanguruma, kitambaa kikajaa upepo, kikabana, kikalegea. Nesi akatazama, akashika kiuno.

"Bibi! Hizi dawa unazimeza au unazitazama?"

Benchi likaangua kicheko. Jemedari alikuwa anazimeza. Alizimeza kila siku aliyokumbuka, na siku alizosahau hazikuwa nyingi, kwa hesabu yake. Nesi, kuona uso wa bibi umebadilika, akalainisha kauli. "Au labda umekuja na hofu, bibi yangu. Hofu nayo hupandisha presha. Pumua taratibu nikupime tena." Akapima tena. Mara ya pili presha ilipanda zaidi.

Njiani kurudi Jemedari hakuzungumzia kicheko. Alizungumzia hofu.

"Umesikia alivyosema? Ni hofu! Mkono wangu unakiogopa kile kitambaa. Sasa wataniandikia midawa ya ajabu kwa sababu ya mkono mwoga."

"Basi siku nyingine usiogope, wifi," Shwari akasema.

"Usiogope! Kana kwamba hofu ni mbuzi, utaifunga kamba nyuma ya nyumba."

Zilipita siku chache, Jemedari akaja na wazo. Alikuwa analigeuzageuza tangu asubuhi, kama ageuzavyo kola ya shati. Nesi si alifundisha kwamba presha inatoka jikoni? Chumvi, mafuta, mambo hayo? Na wao si wanakula chungu kimoja? Chumvi ni ile ile, mafuta yale yale, maji ya mtungi mmoja. Kwa hiyo presha ya nyumba hii ni moja. Tofauti ni kwamba mkono wa Jemedari unaogopa na mkono wa Shwari hauogopi.

"Wewe nenda na kadi yangu," akasema. "Mkono wako utawaambia ukweli."

Shwari alilitazama wazo hilo kwa mbele na kwa nyuma, asione tundu. Maneno yote mawili yalikuwa ya nesi mwenyewe: hofu hupandisha, na jiko ndilo chanzo. Hakuna hata moja walilobuni wao. Tena miguu ya Jemedari ilikuwa inamuuma, na kilima cha zahanati si mchezo. Akaichukua kadi, akaitia kwenye mkoba wa nyuzi, akaenda.

Pale kliniki watu waliitwa kwa namba ya kadi, kwa kuwa majina ya wazee yalifanana mno na masikio yao hayakusaidia. Namba ikaitwa, Shwari akaingia. Nesi hakuinua macho. Alikuwa na mlima wa kadi mezani, na nyuso za mabibi alizichanganya. Akafunga kitambaa, mashine ikanguruma.

"Eh! Bibi wewe! Hii ni presha ya msichana!" Akamshika mkono, akamsimamisha mlangoni. "Makofi kwa bibi!"

Makofi yakapigwa. Shwari, ambaye maishani mwake hakuwahi kupigiwa makofi hata siku ya harusi yake, aliona joto limempanda mashavuni. Akaenda nyumbani akampelekea Jemedari makofi yale kama zawadi iliyofungwa.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Presha ya Shwari ilikuwa ya chini kwa asili yake, na kwenye kadi ya mtu anayemeza dawa kali ilionekana ya chini kupita kiasi. Nesi akauliza kama anapata kizunguzungu akisimama. Shwari akajibu kweli, kwamba wakati mwingine, akiinuka ghafla, dunia inazunguka kidogo. Nesi akaenda kuzungumza na daktari, akarudi, akapunguza dawa. Safari iliyofuata ikapunguzwa tena, ikawa nusu kidonge.

"Unaona?" Jemedari alisema, akikivunja kidonge kwa kisu cha mboga. "Ukweli umeanza kujulikana."

Mzee aliyeketi jirani na Shwari kwenye benchi mara nyingi alikuwa Fundi Saa, rafiki wa marehemu mumewe. Macho ya kazi yalikuwa yamemwisha, lakini ulimi wake ulikuwa bado unakwenda bila kutiwa ufunguo. Alimwita Shwari shemeji, na alipenda kuigeuza kliniki kuwa shule.

"Leo shemeji utapita tena, najua. Mimi nitarudia darasa."

"Pengine utapita, shemeji yangu. Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema, mimi ndiye mbaya. Jana nimekula samaki wa chumvi kama paka aliyefiwa." Benchi likacheka, naye akanogewa. "Lakini kinachoniudhi ni mke wangu. Tangu tuoane tunakula sahani moja. Chumvi ninayokula mimi ndiyo anayokula yeye, tena ananizidi. Akipimwa, mzima kama jiwe la kusagia. Mimi hoi! Hata ugonjwa unamjua mwenye nyumba ni nani."

Watu walicheka mpaka mmoja akakohoa. Shwari naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkwama njiani.

Sahani moja. Chumvi moja. Mmoja mgonjwa, mmoja mzima.

Akageuka. "Shemeji, yaani mkeo kabisa hana?"

"Hana hata ya kukopesha."

Kabla hajapata la kusema, namba ikaitwa. Akaingia. Kitambaa kikabana, kikalegea, na nesi akapiga meza kwa furaha. "Bibi, imetosha. Daktari amesema ikiwa leo nayo iko chini, tunaacha dawa kabisa kwanza, tuone. Ukisikia kichwa, au ganzi, au lolote, uje mbio. Sawa?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mlango ulikuwa wazi, benchi linasubiri kupiga makofi, na nesi ameshaandika. Shwari akasema, "Sawa, mwanangu." Akapigiwa makofi. Safari hii yalimwangukia kama mvua ya mawe.

Njia nzima aliomba. Hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, Bwana, nipe namna ya kumwambia. Alipofika barazani akasema, "Wifi, wameacha dawa. Lakini mimi naona tusiache. Huenda mkono wangu na wako si—"

Jemedari hakungoja sentensi ifike mwisho. Aliiweka pasi juu ya kigae chake, akanyoosha mikono yote miwili juu, akalia machozi. Shwari alikuwa hajamwona akilia tangu mazishi ya mdogo wake.

"Nimepona! Nimepona, wifi! Asante, Baba!"

"Wifi, nisikilize—"

"Leo usiniambie kitu. Leo acha nifurahi."

Jumapili, wakati wa shuhuda, Jemedari alisimama. Alivaa gauni alilolipiga pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Akasimulia jinsi presha ilivyomtesa, jinsi walivyomcheka wenye kumcheka, jinsi alivyoomba, na jinsi kadi ya kliniki yenyewe, yenye muhuri, inavyothibitisha. Akaiinua juu. Vigelegele vikajaa nyumba ya ibada. Akina mama wakamkumbatia, mmoja mmoja, na wengine wakaja kumkumbatia Shwari pia kwa kuwa alikuwa amemlea mgonjwa vizuri.

Shwari alikuwa amesimama katikati ya furaha hiyo kama mtu aliyesahau kwa nini ameingia chumbani. Aliinamisha kichwa, watu wakadhani anashukuru. Kumbe alikuwa anauliza. Bwana, kama umemponya, mimi ni nani wa kusema hapana? Na kama hujamponya, mbona umeniacha mimi peke yangu nijue? Unaweza kumponya mtu kwa mkono wa mtu mwingine? Wewe unaweza lolote. Lakini je, ndivyo ulivyofanya?

Hakupata jibu. Mimi naamini mara nyingi jibu huwa tumeshapewa, ila tunaendelea kuuliza kwa sababu hatukulipenda. Shwari alikuwa amepewa lake kwenye benchi, na kinywa kilicholitoa ni kile kinachonuka samaki wa chumvi.

Hata hivyo alinyamaza. Wiki ikapita, na nyingine. Alijitia hamnazo mchana, na alipopiga magoti jioni hamnazo ile ilikataa kumsaidia. Alimwangalia wifi yake akipiga pasi, akiimba, akiwapa watu amri, amenawiri kuliko alipokuwa anameza dawa, kwa sababu zile dawa zilikuwa zinamchosha na kumpeleka msalani kila mara. Ndicho kilichozidi kumchanganya. Angekuwa anaumwa, ingekuwa rahisi. Lakini presha haina adabu ya kubisha hodi, nesi alikuwa amelisema hilo mara nyingi, na wazee wote walilijua kwa moyo kama wimbo, bila kulifikiria.

Siku moja, mchana, Shwari akiwa kizingitini anafuma, akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Wifi, mkaa umeruka?"

Kimya. Akainuka akaenda barazani. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati jeupe la mteja, moshi unatoka pembeni. Jemedari amesimama mbele yake, anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni asiyemkumbuka. Mkono umening'inia. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

"Wifi!"

Jemedari akajaribu kusema. Yakatoka maneno mazito, yaliyokunjamana, kama ya mtu aliyejaza uji mdomoni. Shwari akaondoa pasi, akamshika, akamkalisha kwenye kiti, akaita jina la Yesu tena na tena kwa sababu hakujua cha kuita kingine.

Kisha, taratibu, mdomo ukarudi mahali pake. Vidole vikachezacheza. Jemedari akameza mate.

"Usingizi ulinipitia," akasema.

"Huo si usingizi."

"Nimekwambia usingizi. Tazama shati la watu lilivyoharibika. Leta maji."

"Wifi, twende kliniki. Sasa hivi. Mkono wangu si wako. Nilitaka kukwambia tangu siku ile. Fundi Saa na mkewe wanakula sahani moja, na mmoja ana presha, mwingine hana. Tulikosea. Wewe hujapona. Wameacha dawa zako kwa sababu ya mwili wangu."

Jemedari akamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni moshi au ni nini.

"Nani alisimama mbele ya watu akasema amepona?" akauliza kwa sauti ndogo, isiyo yake.

"Wewe, wifi."

"Basi ukienda kule umemwaga mtama penye kuku wengi. Kufika jioni mtaa mzima utajua. Mimi nitakuwa yule bibi mwongo. Hilo naweza kulibeba, nimebeba mengi. Lakini wale akina mama walipiga vigelegele kwa Mungu, si kwangu. Utamwaibisha na yeye?"

Shwari hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alisimama na lile shati lililoungua mkononi, alama ya pasi katikati ya mgongo wake. Mwisho akasema, "Sidhani kama Mungu anaaibika kwa ukweli, wifi. Nadhani tunaaibika sisi tu."

"Ukivuka kizingiti hicho, mimi na wewe basi."

Shwari aliweka shati chini. Akajifunga kilemba, akavuka.

Haikuwa siku ya kliniki. Benchi lilikuwa tupu, na nesi alikuwa anafuta meza kwa dawa yenye harufu kali. Alipomwona akatabasamu.

"Shikamoo bibi. Leo si siku yako."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina siku. Kadi ile si yangu."

Nesi akaendelea kutabasamu, kama mtu aliyesikia sauti lakini maneno bado yako njiani. Shwari akasema yote, bila kupumzika, kwa sauti yake ile ya chini. Chungu kimoja. Mkono mwoga. Makofi. Shati lililoungua.

Kitambaa cha kufutia kikamdondoka nesi. "Mlikuwa mnanichezea? Miezi yote hiyo? Bibi, unajua mimi ndiye niliyeandika pale? Unajua—" Akajishika mdomo. Kisha akauliza mambo mengine, haraka haraka. Mkono umerudi? Anaongea? Uso je? Ilikuwa saa ngapi? Akachukua kile kipimo kidogo cha kubeba, akamwita dereva wa gari la zahanati, wakatoka.

Walimkuta Jemedari barazani, amewasha mkaa upya, anajaribu kupiga pasi kwa mkono wa kushoto. Aliwaona. Hakumwangalia wifi yake hata kwa jicho la pembeni.

"Karibu, nesi. Una nguo za kupigwa pasi?"

"Bibi, nimekuja kukupima."

"Nimeshapimwa. Kadi yenu inasema mimi ni msichana."

"Bibi yangu, tafadhali. Keti."

Pengine ni kwa sababu nesi hakushika kiuno. Pengine ni kwa sababu alipiga magoti pale kwenye sakafu ya baraza, kwenye majivu. Jemedari akaketi. Kitambaa kikajaa, kikabana. Nesi akatazama, asiseme kitu. Akakihamishia mkono wa pili. Akatazama tena.

"Mbona kimya?" Jemedari akauliza. "Nimefeli?"

"Bibi, hapa hakuna kufaulu wala kufeli."

"Hakuna? Na yale makofi ni ya nini?"

Nesi alifungua kitambaa taratibu, akasema tu, "Twende hospitali, bibi. Sasa hivi. Gari lipo."

Waliingia garini wote watatu. Jemedari alikaa dirishani, kichwa juu, kama anayekwenda kukagua gwaride. Hawakuwa wamefika mbali alipoinama polepole upande wa Shwari, uzito wake wote ukamlalia begani, na safari hii mdomo haukurudi mahali pake.

Alikaa hospitali siku nyingi. Daktari alimwambia Shwari kwamba kuwahi kulisaidia, kwamba bila hivyo wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Shwari alishukuru, lakini shukrani ile aliimeza pamoja na mfupa. Kulikuwa na wakati wa kuwahi kuliko huo, na aliupitisha akipigiwa makofi.

Jemedari alirudi nyumbani anatembea kwa kuburuta mguu. Mkono wa kulia ulibaki kama ulivyo, umekunjwa kifuani. Pasi haikushikwa tena. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, wakasimama mahali pale pale walipozoea kusimama, bila mtu wa kuwaamrisha.

Akina mama wa maombi nao walikuja. Mmoja wao, mwenye moyo mzuri na haraka ya kusema, akauliza kama ni adui amerudi kuiba uponyaji. Shwari akafungua kinywa. Jemedari akamnyamazisha kwa mkono wa kushoto.

"Hakuna a-aliyeiba," akasema, kila neno akilivuta kama ndoo kutoka kisimani. "Sikupona. Nilituma mkono wa mtu. Nilidhani... inafaa." Akapumzika. "Mungu hakusema uongo. Nilisema mimi. Sasa ombeni, au nendeni."

Wakaomba. Wawili kati yao walitoka wakiwa hawaangaliani, na Shwari alijua kwamba kuna maneno yatakayosemwa nje. Yakasemwe. Lakini usiku ule na siku zilizofuata Jemedari hakumsemesha. Alimeza dawa kutoka kiganjani mwake, alikula alicholishwa, aligeuka akivalishwa. Neno, hapana. Shwari aliomba kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha jiko. Aliacha kuuliza maswali makubwa. Aliomba tu wifi yake amtukane, hata mara moja.

Asubuhi moja alimkuta ameketi kitandani na kadi mapajani, kadi mpya, anaigusagusa kwa kidole cha kushoto.

"Wifi."

Shwari akasimama wima, sahani mkononi. "Abee, wifi."

"Hizi namba. Kwa nini ziko mbili? Moja juu, moja chini."

Shwari akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Akazitazama. Alikuwa amezibeba namba hizo mwezi baada ya mwezi. Amezipandisha kilima na kuzishusha, zimeandikwa kutoka kwenye damu yake mwenyewe, na watu wamezishangilia.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijawahi kujua. Najua tu akitabasamu ni nzuri, akishika kiuno ni mbaya."

"Hukuuliza?"

"Ningeulizaje, wifi? Watu wote pale wanajua."

Jemedari akatoa sauti fulani puani. Kabla ya kuugua, kingekuwa kicheko.

"Tutauliza," akasema.

Siku ya kliniki ilipofika walipanda kilima wote wawili, wakipumzika kila penye kivuli. Walichukua muda mrefu. Kulikuwa na nafasi mwisho wa benchi, lakini Jemedari hakuitaka. Akaburuta mguu mpaka mbele kabisa, akakaa mahali ambapo nesi asingeweza kukosa kumwona. Wazee walinong'ona. Habari zake zilikuwa zimemtangulia. Shwari aliona masikio yakimwaka moto, akaangalia chini, akaomba kimoyomoyo.

Nesi akatoka kuanza somo la asubuhi. Alipofika kwenye chumvi, mkono wa kushoto wa Jemedari ukapanda juu.

"Ndiyo, bibi?"

"Namba mbili," Jemedari akasema. Aliyavuta maneno yake bila kukimbizwa na mtu. "Ya juu ni ya nini. Ya chini ni ya nini. Na ikiwa mbaya, ndani yangu kinafanyika nini. Sema polepole. Kisha urudie."

Shwari akangoja kicheko. Hakikuja. Wazee walioketi nyuma walianza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, wakisogea mbele wapate kusikia. Fundi Saa aliitoa kadi yake mfukoni, akaisogeza karibu na macho yake mabovu, akaitazama kama aliyepewa leo.

Nesi akavuta kiti, akaketi katikati yao.